Fundi wa hedifoni asiyeliamini tena sikio lake

Saa mbili na robo asubuhi, mlinzi wa ghala la mbao ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, hedifoni kichwani, macho ameyafumba. Sare yake ina vumbi la mbao mabegani. Anatingisha kichwa polepole, anaacha, kisha anatingisha tena.

Ng'ambo ya meza, fundi anamkazia macho. Haziangalii hedifoni. Anautazama uso wa mteja wake kama mtu anayesubiri jibu la posa.

“Mwimbaji yuko wapi?” anamwuliza.

“Yuko wapi vipi?”

“Sauti yake. Iko katikati, au imekwenda pembeni?”

Mlinzi anafikiri. “Iko hapa,” anasema, akijigusa kati ya nyusi. “Yaani anaimba kama amepanga chumba juu ya pua yangu.”

“Kulia na kushoto hakuna anayemzidi mwenzake?”

“Hakuna.”

“Una hakika? Usinifurahishe.”

“Nikufurahishe kwani mimi nakuchumbia? Ziko sawa, fundi.”

Ndipo anapoachia pumzi na kumwambia azivue.

Ukipita hapa kwa haraka utadhani ni mbwembwe za kumridhisha mteja. Sivyo. Fundi huyu hana njia ya kujua kwa hakika kama hedifoni alizozitengeneza zinalia sawasawa. Anamtegemea mlinzi amwambie.

Ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mwembamba, mwenye alama ndogo za moto kwenye vidole vya mkono wa kulia. Hapa sokoni wanamwita Fundi Waya. Sikio lake la kulia limekufa. La kushoto limeanza kulifuata. Tangu miezi minane iliyopita hajaweka hedifoni ya mtu yeyote sikioni mwake, na ameapa hataweka tena.

“Hili lililobaki nina kazi nalo nyumbani,” anasema. “Hapa nafanya kwa macho.”

Meza yake ina kioo kilichopasuka, na chini ya kioo kuna picha za watu waliokata nywele, maana meza yenyewe aliinunua kwa kinyozi. Juu yake kuna chuma cha kuchomelea waya, kopo la risasi ya kuungia waya, mkasi, wembe, na kipimo cha umeme chenye mshale ambacho yeye hukiita mita. Pembeni kuna gunia la hedifoni zilizokufa, ambazo huzichinja ili zifufue nyingine.

Hedifoni anazozitengeneza ni zile ndogo zinazokaa juu ya sikio bila kulifunika lote. Ni nyepesi, hukunjwa zikaingia kwenye pochi, na bei yake mpya haizidi bei ya mikate sita. Karibu kila anayepita sokoni hapa anazo au aliwahi kuwa nazo, na kila mwenye nazo ana neno lake.

Maneno hayo Fundi Waya huyaandika. Kabla hajagusa kitu, humwambia mwenye mali aseme mwenyewe jinsi anavyoziona, kisha huandika vile vile alivyosema kwenye kipande cha selotepu ya karatasi na kukibandika kwenye upinde wa kichwani. Kazi ikiisha hukihamishia kwenye daftari, na kando yake huandika alichofanya.

Daftari limevimba kwa selotepu kama mtu mwenye jino bovu.

“Sauti nzuri ila zinanibana kama tumekosana,” linasema neno la mwanafunzi wa ualimu.

“Sponji inachunika. Nikizivua nabaki na magamba shingoni kama samaki,” ni la mshonaji wa nguo.

“Zilikunjika vizuri miezi mitatu. Siku moja zikakunjika zikakataa kukunjuka.”

“Ukicheka zinadondoka. Kwa hiyo sicheki.”

Na jingine, la mtu ambaye fundi hamkumbuki tena: “Bei ilinidanganya, lakini nitanunua tena.”

Mlinzi wa ghala naye ana selotepu nne katika daftari, kwa sababu amenunua pea nne ndani ya miaka miwili. “Uzuri wake unasahau kama umevaa,” anasema akizikunja. “Ubaya wake, saa ya tatu unakumbuka. Masikio yanakuwa ya moto utadhani umeyaanika juu ya bati. Lakini nikinunua zile kubwa za bei mbaya, nani atalinda hizo wakati mimi nalinda mbao?”

Desturi ya selotepu si yake. Aliirithi kwa mjomba wake, fundi wa redio, aliyemchukua akiwa na miaka kumi na mitatu baada ya shule kumshinda kwa karo. Alianza kwa kufagia. Mjomba alikuwa na neno moja alilolirudia mpaka kufa kwake: mwenye kitu ndiye wa kwanza kusema, fundi ni wa pili.

“Nililishika la kuandika,” anasema Fundi Waya. “La kusoma nililoandika nikaliacha njiani. Nikawa naandika kama mtu anayejibu ‘mzima’ huku anaumwa.”

Kwa miaka kumi na sita, namna yake ya kupima ilikuwa moja. Simu mkono wa kushoto, sauti imefunguliwa mpaka mwisho ili kama kuna mkwaruzo ujitokeze. Mkono wa kulia unaokota kikombe cha hedifoni na kukibana kwenye sikio la kulia. Cha kwanza, cha pili. Akimaliza anavaa vyote viwili. Hedifoni kumi na mbili kwa siku, siku nyingine ishirini. Mara kwa mara waya uliogusana vibaya ulipiga ukelele mmoja mkali, naye aliruka kidogo kwenye kiti, akacheka, akaendelea.

“Watu wakiniambia punguza sauti nawaambia, mpishi akiogopa moshi atakula mbichi.”

Hakusikia maumivu. Hilo ndilo linalomkera mpaka leo. Kidole kikiungua unajua. Sikio liliungua bila kumwambia.

Kosa lenyewe lilikuja taratibu, na ni kosa ambalo fundi wa simu au wa pasi asingeweza kulifanya.

“Mteja anasema kushoto hakulii,” anaeleza. “Naunga waya, kushoto kunalia. Kabla sijampa navaa nihakikishe. Nasikia kulia kunanong'ona. Nasema, masikini huyu hajagundua kwamba na kulia kunakufa. Nafungua kulia, natoa spika, naweka nyingine yenye nguvu. Navaa tena, nasikia afadhali. Ya kulia simtozi. Nikawa najiona mtu mwema.”

Wa kwanza kurudi alikuwa yule mshonaji. Hushona sare za shule katika chumba chenye cherehani saba, na hedifoni ndizo zinazomtenganisha na kelele za wenzake sita.

“Fundi, hizi kulia zinanipigia kelele mpaka shingo inaniinama,” alisema siku hiyo.

“Zipe siku tatu. Spika ni mpya, italainika.”

“Spika mpya ya wapi? Mimi nilileta kushoto.”

“Dada, hizi ni za bei rahisi. Hizi zinasema uongo. Usizisikilize sana.”

“Sasa nilizinunua za nini kama nisizisikilize?”

Muuza chaja wa meza ya pili, mzee wa miaka sitini anayeuza pia hedifoni mpya, alicheka mpaka akashika mbavu. Fundi naye alicheka. Mshonaji aliondoka hajacheka.

Baada yake walikuja wengine. Mmoja alisema kulia kunamtekenya jino. Mwingine alisema anahisi mtu amesimama kando yake anampigia makelele. Fundi aliyaandika yote kwenye selotepu na kuyabandika daftarini. Alikilaumu kiwanda. Akawalaumu na wateja wenyewe, kwamba wamezoea kusikia vibaya, sasa wakitengenezewa vizuri wanaona ajabu.

Aliyemsimamisha ni mchapaji. Ni mama wa makamo anayelipwa kusikiliza kanda za vikao na kuandika kila neno lililosemwa, hata kikohozi. Alirudi asubuhi moja, hedifoni mkononi, akaomba alione daftari.

“Umeandika vizuri,” alisema, akifuata mistari kwa kidole. “Haya ni maneno yangu: ‘Kushoto kunakatika nikigeuza shingo.’ Na hapa ni maneno yako: ‘Nimebadili kulia.’ Mdogo wangu, nimelilia jino hili, mbona umening'oa lile?”

“Dada, na kulia kulikuwa kunakufa.”

“Kwenye masikio ya nani?”

Fundi Waya anasema alikasirika. Miaka kumi na sita, kisha mtu anakuja kumwuliza masikio. Akamwambia muuza chaja atoe hedifoni mpya kwenye pakiti, ili amwonyeshe huyu mama kwamba hata zikiwa mpya hazina maana. Mzee akatoa. Fundi akavaa, akawasha wimbo.

“Si nilikwambia? Kulia kumefifia. Mpya hizi!”

“Zigeuze,” alisema mchapaji. “Kombe la kulia lije kushoto, la kushoto liende kulia.”

Akazigeuza.

Kama ubovu ulikuwa kwenye hedifoni, ulitakiwa sasa uhamie kushoto. Haukuhama. Ulibaki pale pale ulipokuwa.

“Nikazigeuza tena,” anasema. “Nikazigeuza mara ya tatu. Nikamwomba mzee pea nyingine. Yule mama akanishika mkono, akasema, ‘Basi, mdogo wangu. Basi.’”

Muuza chaja ni mtu wa maneno. Ana utani kwa kila anayepita, na hakuna msiba sokoni hapa aliokosa kuwachekesha wafiwa. “Siku ile?” anasema. “Nikaanza kupanga chaja zangu upya. Na zilikuwa zimepangwa vizuri tu.”

Wanawake wale wawili walikaa na daftari mpaka adhuhuri. Mchapaji alisoma, fundi aliweka alama. Kila mahali mwenye mali aliposema kushoto na fundi akafungua kulia, au mwenye mali aliposema sponji na fundi akafungua kulia. Zilifika ishirini na tatu. Ya kwanza kabisa ilikuwa ya miezi kumi na minne nyuma.

“Walikuwa wananiambia,” anasema. “Kwa mwaka mzima watu wananiambia kwa midomo yao, na mimi nawaandika kwa mkono wangu, kwamba sikio langu limekufa. Daftari lilijua kabla yangu.”

Kwenye kliniki ya masikio walimwingiza kwenye kibanda kidogo chenye ukuta wa sponji na kumvika hedifoni. Anazikumbuka vizuri kuliko kitu kingine chochote cha siku hiyo. “Zile ndizo hedifoni,” anasema, na kwa mara ya kwanza uso wake unachangamka. “Upinde mpana, sponji nene, hazibani hata kidogo. Nilikuwa nazipapasa nione zimeungwaje. Nikasema moyoni, hizi ukiniletea sina cha kukutoza.”

Muuguzi alimwambia anyooshe mkono kila atakaposikia mlio. Fundi akakaa, mkono tayari mapajani. Akakaa. Akamtazama muuguzi kupitia kioo.

“Mbona huanzi?” aliuliza.

Muuguzi alikuwa ameanza zamani.

Daktari alimchorea mistari miwili kwenye karatasi, mmoja kwa kila sikio. Wa kulia ulikuwa umeshuka kama mtu aliyeanguka kwenye ngazi. Wa kushoto ulikuwa umekanyaga ngazi ya kwanza. Alimwambia kwamba kilichokufa hakirudi, na kwamba kilichobaki kitakufa vile vile kama hataacha kazi hii.

“Nikamwuliza, daktari, nikiacha nile nini? Masikio?”

Kifaa cha kusaidia kusikia kipo. Fundi Waya huhesabu mambo yake kwa hedifoni anazotengeneza, maana ndicho kipimo anachokielewa. Kodi ya chumba ni hedifoni arobaini kwa mwezi. Dawa za mama yake ni hedifoni kumi na tano. Kile kifaa ni hedifoni mia tisa. Alikirudisha mezani kwa daktari kwa mikono miwili, akashukuru, akatoka.

Aliporudi sokoni, muuza chaja alimpa ushauri wa rafiki. “Mwanangu, funika kombe mwanaharamu apite. Nani atajua? Pima kwa mita yako, nyamaza.”

“Na wale ishirini na tatu?”

“Wale wamezoea.”

“Mzee, mtu anasikiliza habari, anasikiliza mahubiri, anasikiliza sauti ya mtoto wake aliye mbali, yote yamemlalia upande mmoja. Nimemfanyia mimi.”

“Hedifoni za bei ya mikate, mwanangu. Si macho ya mtu.”

Hakumsikiliza. Alifunga meza siku nne na kuwatafuta wenye mali mmoja mmoja. Kazi haikuwa nyepesi. Spika alizozing'oa, ambazo zilikuwa nzima kabisa, alikuwa amezitupia kwenye gunia la mabaki, na nyingine zilikuwa zimeshaingia kwenye hedifoni za watu wengine. Ilibidi achinje pea mpya tano, kwa fedha yake, ili apate spika za kurudishia.

Aliwapata kumi na saba. Kila mmoja alimweleza ukweli wote, akisimama mlangoni, kwa sauti ambayo wateja wanasema ilikuwa kubwa mno, maana tayari alikuwa hajui anazungumza kwa nguvu kiasi gani.

Mlinzi wa ghala alikuwa mmoja wao. “Mimi nilikuwa nimeshaona,” anasema. “Lakini nikadhani ndivyo zinavyokuwa zikizeeka. Hata mtu akizeeka si anaegemea upande?”

Mmoja alidai alipwe pea mpya, akalipwa. Mmoja alimfungia mlango. Mshonaji alimsikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha cherehani, kisha akauliza, “Na wewe nani anakutengeneza?” Mshonaji akazima cherehani, akampa kiti.

Sita hawajapatikana. Mmoja ni yule mwanafunzi wa ualimu, ambaye alihitimu na kupangiwa kazi mbali. Namba yake haipatikani.

“Huko aliko,” anasema Fundi Waya, “anasikia dunia imemlalia upande mmoja na anadhani kasoro ni yake.”

Ukweli aliousema mwenyewe ndio uliomwangusha. Kabla ya wiki kuisha, habari ilikuwa imezunguka soko zima: fundi wa hedifoni ni kiziwi. Watu walilipenda neno hilo. Lina utamu wake, anakiri. Hata yeye lingemhusu mtu mwingine angelicheka. Fundi mmoja wa safu ya nyuma alianza kuwaambia wateja kwa sauti, akimpita upande wa kulia, “Sikio la kufa halisikii dawa!” Wauza soksi hupenda kusimama mbele yake na kuchezesha midomo bila kutoa sauti, waone atajibu nini.

“Siku za kwanza nilijibu,” anasema. “Nilidhani wananisalimia.”

Hedifoni kumi na mbili za kila siku zimekuwa nne. Siku nzuri, tano. Muuza chaja, ambaye alimshauri anyamaze, sasa ndiye anayewaleta wengi wa hao wanne. Humshika mteja mkono na kumwambia, “Twende kwa yule pale. Fundi anayesikia kila kitu ni mwongo. Huyu atakuuliza mpaka uchoke.”

Na kweli anauliza. Kazi yake imegeuka. Hupima kila upande kwa mita, akisoma mshale, akilinganisha kulia na kushoto mpaka mishale ikubaliane. Akimaliza ndipo mwenye mali anakaa juu ya ndoo na kuvaa, na maswali yanaanza. Mwimbaji yuko wapi? Ngoma ziko nyuma au mbele? Zinabana wapi, juu ya sikio au chini? Ukitafuna kunatokea nini? Wale ambao hawawezi kungoja huacha hedifoni zao, na Jumamosi yule mchapaji hupita kuzisikiliza. Halipwi. Anasema anapumzisha masikio yake na vikao.

Wenye haraka hawarudi. Wanaorudi wanasema hedifoni zao hazijawahi kukaa sawa namna hii, na fundi anayaandika hayo pia, bila kutabasamu, kwa sababu bado hana uhakika kama wanasema kweli au wanamhurumia.

Saa tisa alasiri anafunga meza. Zamani alifunga saa kumi na mbili. Kazi haipo ya kumweka.

Nyumbani ni chumba kimoja chenye pazia katikati, nyuma ya kiwanda cha matofali. Mama yake ana miaka sabini na minne. Kiharusi kilimpiga miaka mitatu iliyopita, kikamwachia nusu ya mwili na sauti iliyobaki pumzi tu. Ukitaka kumsikia unainama. Anaongea sana hata hivyo. Anazungumzia chumvi, anazungumzia mvua, anamsema jirani kwa jinsi anavyoanika nguo, anarudia jinsi alivyogombana na marehemu kaka yake, yule mjomba wa redio, juu ya kuku mmoja.

Jioni moja, kabla ya lile jambo la kuzigeuza hedifoni, Fundi Waya alikuwa akisugua sufuria, amemgeuzia mama mgongo na sikio la kulia. Alipogeuka alikuta shuka limelowa na mama anatazama ukuta.

“Nimekuita,” mama alimwambia. “Nimekuita mpaka nikajiona mjinga.”

Alidhani ni uchovu wake mwenyewe. Sasa anajua ilikuwa nini. Amekihamisha kitanda ukuta wa pili, ili popote atakapokaa sikio la kushoto lielekee huko.

Lakini mama hajaambiwa.

Alasiri hii mgeni aliyefuatana naye kutoka sokoni ameketi kando ya kitanda, na Fundi Waya ameinama akiwasha jiko karibu na mlango. Kuni mbichi zinatoa moshi. Mama anamvuta mgeni kwa mkono ulio mzima.

“Huyu siku hizi hanijibu,” anasema kwa ile pumzi yake. “Namwita mara tatu, nne. Ukubwa umemwingia. Alikuwa mtoto mzuri sana huyu.”

Mlangoni, Fundi Waya anapuliza moto. Hajasikia.

Baadaye, nje, anapoulizwa na mgeni kwa nini asimwambie mama, anajibu haraka, kama mtu aliyelijibu swali hilo mara nyingi peke yake.

“Nikimwambia ataacha kusema. Namjua mama. Atasema asinihangaishe, atanyamaza, atakuwa ananyooshea kidole tu. Kilichobaki kwake ni kusema. Bora aniite mwenye kiburi.”

Ana mipango, na anaitaja bila madaha. Anataka mita ya pili, yenye namba badala ya mshale, kwa sababu macho nayo si mapya tena. Anataka kuachana na kazi za sauti kidogo kidogo na kubaki na zile ambazo hazihitaji sikio: sponji, bawaba, upinde uliokatika, waya wa kuchajia. Ameanza kukata sponji mwenyewe kutoka kwenye magodoro mabovu, na mshonaji anamshonea vifuniko vya kitambaa visivyochunika. Pea ya kwanza mlinzi wa ghala ameijaribu. Kwenye selotepu yake imeandikwa: “Saa ya tano sasa ndiyo nakumbuka.”

Sokoni huziba sikio la kushoto kwa pamba kulikinga na kelele, tangu anapofika mpaka anapofunga, na huitoa tu anapozungumza na mteja. Wanaomtania hawajui kwamba asubuhi nzima wanamtania mtu aliyejiziba sikio mwenyewe.

Na baada ya hapo? Kifaa cha hedifoni mia tisa, kwa hedifoni nne kwa siku?

Anatikisa kichwa. Anachungulia ndani, ambako mama ameanza tena kuzungumza na pazia, kisha anavuta kigoda na kukaa kizingitini, ubavu wa kushoto ukiwa ndani.

“Daktari aliniuliza nataka sikio hili nilifikishe wapi,” anasema. “Nikamwambia sihitaji mbali. Nikija kuwa kiziwi kabisa, mita haiulizi masikio, nitakula. Naomba tu hili likae mpaka mama amalize kusema.”